Yaya, nichukue Canon mupya ama Nikon ya okazioni?

Jambo sana yaya, mkubwa wangu,

Niko kijana wa hapa Goma, nakaa Keshero, niko na bibi na mtoto mmoja wa mwaka na nusu. Ni miaka mbili sasa nachukua foto na telefone, aniversere ya watoto, ubatizo, na kila dimanshi kuna vijana wananiita kando ya ziwa wapate foto za kuweka WhatsApp. Pesa inaingia kidogo kidogo lakini inaingia. Sasa mwezi ujao ni zamu yangu mu likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa, nitapata dola 400, na nilishasema moyoni hii pesa ni ya aparei ya foto ya ukweli, ile ya kuvaa ku shingo.

Nimezunguka Birere siku tatu. Butike ya kwanza wako na Canon 2000D mupya mu karton na lenzi yake ya 18-55, dola 400 kamili. Butike ya pili wananiambia niachane na hiyo, eti wako na Canon Rebel T7 ya kutoka Marekani inayoipita mbali, dola 450, nitafute 50 ingine. Alafu kuna papa mmoja anahama, anauzisha Nikon D3500 ya okazioni, nayo iko na lenzi ya 18-55, dola 280, anasema hakuitumia sana. Wote watatu wananiambia megapikseli 24. Sijui nishike gani niache gani.

Na kuna kitu ingine inaniuma yaya. Mwezi uliopita kulikuwa dot (sherehe ya mahari) ya binti ya mama mkubwa, nikaazima aparei ya rafiki yangu, Canon ya zamani ya watu wanaoanza, nikaenda nayo kifua mbele. Ilikuwa saa moja ya usiku, mu salon kuna taa moja tu pale juu. Koko yetu, mama ya mama, ambaye hata kusimama inamusumbua, akasimama akashika mikono ya binti akamubariki. Nimechukua foto karibu 40 za ile dakika. Hakuna hata moja nzuri. Zingine ni giza, zingine mikono ya koko imekuwa kama moshi, na zile za flashi sura nyeupe kama karatasi na nyuma nyeusi tii. Shangazi mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba telefone ya mtoto wake ilichukua muzuri kuniliko.

Tangu siku ile bibi yangu anasema hii pesa tununue mashini ya kushona, telefone inatosha. Hapigi kelele, ananiuliza tu: hiyo aparei itakupa nini telefone haikupi? Na mimi nakosa jibu. Nisaidie yaya, hizi aparei za kuanzia ziko na nguvu gani na udhaifu gani, na mimi nifanye nini?

Ndimi mdogo wako wa Keshero

---

Mdogo wangu wa Keshero, jambo sana.

Nianze na koko, juu ni hapo jibu lote liko, mambo ya Canon na Nikon tutayafikia. Pole kwanza. Najua vile mtu anarudi nyumbani usiku ule, anafungua foto moja moja mu kitanda anatafuta kama kuna hata moja inaweza kuponyeka. Nami nimepoteza foto za namna hiyo, za ubatizo, na ile familia mpaka leo nikikutana nao njiani nakumbuka.

Sasa sikia vile ilienda. Ile lenzi ya 18-55 inayokujaga na hizi aparei zote za kuanzia, ile huku tunaita objektifu ya karton, inafunguka f/3.5 ukiwa 18, pale inaona pana, lakini ukivuta mpaka 55 kusudi umufikie koko inajifunga yenyewe mpaka f/5.6. Hiyo f ni kipimo cha tundu la mwanga, namba ikipanda tundu linakuwa dogo. Ni tundu dogo sana kwa salon yenye taa moja. Aparei inatafuta mwanga haipati, basi inaacha mlango wazi muda mrefu, sema 1/15 ya sekunde, na mikono ya mtu mzee inayotetemeka haiwezi kutulia muda huo wote, ndiyo ule moshi uliouona. Lenzi inayofunguka f/1.8 ingekuingizia mwanga karibu mara kumi ya ile. Mara kumi! Mahali ulikuwa 1/15 ungepata 1/125 na kupita, ISO ile ile (vile aparei imewekwa kuhisi mwanga), taa ile ile moja, na mikono ya koko ingesimama. Kwa hiyo usiseme hukujua kazi na usiseme aparei ya rafiki yako ni mbovu, lenzi ndiyo iliishia pale. Na telefone ya mtoto wa shangazi ilikushinda juu lenzi yake inafunguka sana, karibu zote za siku hizi ni f/1.8 hivi, alafu inachukua foto mingi kwa mara moja inaziunganisha yenyewe bila kukuambia.

Ukielewa hiyo, yale maneno ya Birere yatakusumbua kidogo sana.

Canon 2000D na Canon Rebel T7 ni aparei moja. Moja kabisa, ilitoka 2018, huku kwetu na Ulaya wanaiita 2000D, Marekani wanaiita Rebel T7, Asia wanaiita 1500D. Yule wa butike ya pili labda hajui, labda anajua, mimi simuhukumu, ila zile dola 50 zake usizitafute hata kwa deni. Na megapikseli 24 zisikutoe usingizi, zinakupa foto ya 6000 kwa 4000, unaweza kuitoa ku karatasi ya sentimeta 50 kwa 33 ikabaki safi, na sijaona familia nyingi Goma zinatoa kubwa kupita hapo. Hapo Canon na Nikon ziko sawa.

Tuanze na Canon 2000D. Nguvu yake kubwa kwangu ni kwamba inakubali lenzi zote za Canon EF, hata zile za tangu 1987, na zitalenga zenyewe juu mota iko ndani ya lenzi. Okazioni za Canon utazipata, rafiki atakuazima, utamurudishia. Menyu yake ni rahisi, Wi-Fi iko, unatuma foto ku telefone pale pale. Udhaifu: batri wanahesabu foto 500 hivi, na wewe unajua umeme wetu. Inachukua foto 3 tu kwa sekunde. Iko na alama 9 za kulenga na ile ya katikati peke yake ndiyo ya nguvu kweli, kwa hiyo usiku tumia ya katikati tu, lenga jicho, bonyeza kitufe nusu ukishikilie, alafu panga foto yako. Ukichukua kwa kuangalia ekra ya nyuma sawa vile umezoea na telefone itakuwa inatafuta inatafuta mpaka mtu amemaliza kucheka, weka jicho ku kile kidirisha. Na ukichukua foto ya giza ukataka kuipandisha mwanga ku ordinateri, mahali peusi panatoa chembechembe na mistari haraka kuliko Nikon.

Kuna kingine ambacho watu wa butike hawasemi. Angalia ile nafasi ya juu ambapo flashi ya nje inaingia. Aparei karibu zote ziko na kidoti cha chuma katikati. 2000D Canon walikitoa. Maana yake zile flashi za bei ya chini za kidoti kimoja, na zile waya za studio ambazo vijana wengi wako nazo hapa mjini, hazitawaka juu yake, itabidi flashi inayoongea luga ya Canon yenyewe, na bei yake ni ingine. Nakuambia hivi juu mtu anayetaka kuishi na ndoa za usiku, flashi ya nje utaihitaji mapema kuliko unavyofikiri. Ile ya kujifungua juu ya aparei ndiyo ilifanya sura kuwa karatasi, inapiga mtu mu uso kutoka karibu. Flashi ya nje unaigeuza kichwa ku plafo (dari), mwanga unashuka juu ya watu pole pole kama wa dirisha, kama tu plafo ni nyeupe na si ya mbao.

Nikon D3500 nayo ni ya 2018, Nikon hawaitengenezi tena, na hilo lisikuogopeshe, lenzi na batri zake zimejaa dunia nzima. Nguvu yake ya kwanza kwa mtu wa Goma ni batri: foto 1550 kwa shaji moja. Mara tatu ya ile Canon! Ndoa ya asubuhi mpaka usiku unamaliza bila kutafuta prize ya umeme nyuma ya freezer ya watu. Ni nyepesi, inachukua foto 5 kwa sekunde, kidoti cha flashi kiko. Na mahali peusi inavumilia, ukiipandisha mwanga sura inarudi na rangi yake. Hilo ni jambo kubwa kwetu. Fikiria kazi yako ya ziwani: robe nyeupe ya bibi harusi, ngozi yetu, mawe meusi ya volkano nyuma, saa sita ya mchana. Aparei ikiona meusi mengi inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na dantela yote ya robe inapotea inabaki shuka. Kwa hiyo pale unashusha kidogo, ile alama ya kuongeza na kutoa unaipeleka -0.7 ama -1, unachukua mu RAW, ile foto mbichi ambayo aparei haijaipika, alafu nyumbani unapandisha sura. Nikon inakuruhusu hiyo kazi kwa amani kuliko 2000D. Na ukikaribia mpaka robe imejaa foto, inageuka, aparei inaona weupe mwingi inatia sura giza, hapo unapandisha. Fanya mazoezi na shuka nyeupe ku kamba na mtoto wako mbele yake, siku mbili tu utaelewa.

Udhaifu wake sasa. Haina mota ndani ya mwili wake, kwa hiyo lenzi za Nikon za zamani zilizoandikwa AF-D zitaingia lakini hazitalenga zenyewe, utazungusha na mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S ama AF-P, andika hizo herufi ku karatasi uende nayo. Haina Wi-Fi, iko na Bluetooth tu, foto inafika ku telefone ndogo na pole pole, kliya wa dimanshi anayetaka foto pale pale utamuomba uvumilivu.

Zote mbili hazina mahali pa kuchomeka mikro. Kama uko na wazo la video za ndoa, weka hilo mu kichwa mapema, sauti itakuwa ya upepo na viti. Watu wanaweka telefone karibu na pastere irekodi sauti peke yake alafu wanaunganisha, inafanya kazi lakini ni kuchoka. Canon 250D ndiyo iko na tundu la mikro na ekra inayogeuka, ila si ya pesa yako ya sasa. Zote mbili pia ziko na nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa na ndoa imekufa. Mimi natembea na kadi tatu ndogo badala ya kubwa moja, kanisa kadi yake, salle kadi yake, na silali kabla sijazikopi.

Na vumbi! Hapa sitanyamaza. Zote mbili hazina ule mtambo wa kujitikisa vumbi ku sensa, kile kipande cha ndani kinachoshika foto, na Goma yetu iko na hii vumbi nyeusi ya volkano ambayo ni mawe madogo madogo kabisa. Usibadilishe lenzi juu ya moto (pikipiki), usibadilishe njiani, ingia ndani, zima aparei, elekeza mdomo wake chini, badilisha haraka. Kila mwezi weka f/16, chukua foto ya mbingu, ukiona madoti meusi yanakaa mahali pale pale kila foto, ni vumbi iko ndani. Pulizia na ile pompe ndogo ya mpira, usipulize na mdomo, mate yakishika pale ni shida ingine. Mvua ya hapa pia haitaki mchezo, hakuna mpira wa kuzuia maji mu hizi aparei, sashe safi mu sakosh ni lazima.

Sasa mimi naona nini. Naona papa wa Nikon. Si juu Nikon ni jina, ni juu dola 280 inakuachia 120, na ile 120 ndiyo lenzi, ndiyo ile mikono ya koko. Chukua 2000D ya dola 400 na utarudi Keshero na aparei mupya na shida ile ile ya zamani, juu lenzi ni ile ile ya f/5.6. Kwa Nikon tafuta 35 f/1.8 ya AF-S DX, hata okazioni, hata kama utaongeza kidogo mwezi unaofuata. Ku hizi aparei 35 inaona karibu sawa na macho yetu, mu salon zetu ndogo unapata watu na kiti na kikapu cha dot bila mgongo kugonga ukuta. Watu wa Canon watakuambia 50 f/1.8, ni lenzi nzuri na ya bei rahisi, naipenda, lakini ku 2000D inakuwa kama 80, ni ya sura, ndani ya nyumba utajikuta umesimama kwa barabara unachukulia dirishani.

Lakini usimupe papa pesa kabla hujafanya haya. Enda na taa ya telefone, angalia ndani ya lenzi kwa upande, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, hapa karibu na ziwa inakamata sana, acha. Hiyo lenzi iwe na herufi VR, ule mtambo wa kutuliza mtetemo wa mkono, maana iko ingine inafanana nayo kabisa haina VR, na bila VR mkono wako ukitetemeka hakuna kitu kinausaidia. Chukua foto moja mu JPEG, rudi nayo ku ordinateri: Nikon zinaandika ndani ya foto yenyewe zimechukua ngapi tangu zizaliwe, kuna programu za bure zinasoma hiyo namba, basi kama "hakuitumia sana" ni 80.000 mutaongea bei upya. Fungua flashi, ifunge, ipige mara kumi. Piga foto ya mbingu ya f/16 niliyokuambia. Na shika batri mu mkono, kama imevimba hata kidogo usiipokee. Papa akikataa kukuachia nusu saa ya haya yote, achana naye kwa heshima, na hapo ndipo 2000D inarudi mezani, lakini kwa bei ya kuongea, si 400 yote. Wakikuonyesha 4000D wakisema ni ileile ya bei ya chini, hapana, ni megapikseli 18, mahali lenzi inaingilia ni plastiki, na kile kidirisha hakirekebishwi kwa macho ya mtu wa lunete.

Nije kwa bibi yako, juu swali lake ni zuri kuliko maswali yote ya butike, na mtu anayeuliza hivyo bila kupiga kelele ni wa kumupa jibu na hesabu. Kwa foto za dimanshi ziwani, mchana, za WhatsApp, telefone inatosha, anasema ukweli, umwambie hivyo kabisa. Aparei itakupa vitu telefone haikupi: foto ya kutoa kubwa ya kutundika salon, usiku na flashi ya plafo, mtu aliye mbali mbele ya altare, na kliya wa ndoa ambaye akiona telefone hata hakuiti. Kama hizo kazi hazikuji, aparei ni deni. Basi kaeni naye, muandike ku daftari: ni ndoa ngapi na dot ngapi watu walikuuliza mwaka huu ukakosa juu huna aparei? Kama ni tatu nne, chukua. Kama ni sifuri, mashini ya kushona ipite kwanza, na mimi sitakuona umeshindwa. Na ukichukua aparei, pesa ya kazi mbili za kwanza iende kwa hiyo mashini kabla ya lenzi ingine, kabla ya sakosh, kabla ya kila kitu. Ile pesa ya likelemba hata yeye aliilalia njaa.

Na usingoje mwezi ujao kwa koko. Rudi uazime ile ile aparei ya rafiki yako, na lenzi ile ile ya karton. Enda asubuhi saa mbili, muweke kiti chake karibu na mlango ulio wazi, si ndani ya jua, pale kivuli kinapoanzia, mlango uwe upande wake. Muite binti ashike mikono yake tena. Lenzi iache ku 35 hivi, usivute mpaka 55, karibia wewe na miguu yako, ISO 400, flashi imefungwa. Mwambie koko aseme ile baraka tena pole pole, na wewe uchukue pale anaponyamaza.